Jedwali la ngeli wanalijua, nyanya hawawezi kununua. Notsi zangu zina shida gani?

tichaMoshi:
Wakuu habari zenu. Nafundisha Kiswahili wageni wanaokuja kujitolea huku Moshi, wiki nne, masaa mawili kila asubuhi. Notsi nimetunga mwenyewe kurasa 38, nikapiga fotokopi nikabana na stepla nikajiona nimemaliza kazi. Mwanzo salamu, halafu jedwali la ngeli lote, halafu nyakati, mwisho kabisa ndo maneno ya sokoni. Juzi nikaenda nao soko la Mbuyuni nione matunda ya kazi yangu, binti mmoja ambaye darasani KI-VI hakosei hata moja akamwambia mama wa nyanya "ninataka nyanya hizi", mama akajibu "fungu buku, chukua mawili nikuongezee", binti kabaki anatabasamu tu. Fungu halijui, buku (elfu moja) halijui, na hiyo "ninataka" mama kaiona kama anaamrishwa. Nimeumia maana hela za watu nimekula. Niongeze mazoezi au niandike upya?

mjaZnz:
Pole mwalimu, andika upya. Mie nafundisha Unguja mwaka wa sita huu na nilianza hivohivo na jedwali. Mazoezi unayo, tatizo mpangilio, soko umeliweka mwisho na mtu anakwenda sokoni siku ya pili tu ya kufika! Kaa uandike mgeni wako kesho kuanzia anaamka mpaka analala atakutana na nani na ATAAMBIWA nini. Hapo kwenye kuambiwa ndipo tunapokosea wengi, twamfundisha aseme, hatumfundishi atakachojibiwa, na mama wa nyanya hajasoma notsi zako. Mie nilikwenda na simu nikaomba ruhusa nikamrekodi muuza samaki na konda wa daladala, kila mmoja nusu dakika tu, darasani wanasikiliza mara tatu kabla hawajaona maandishi. Mara ya kwanza wanakaribia kulia, ya tatu washashika.

Na ile tafsiri ya Kiingereza uliyoweka pembeni ya kila neno (najua umeweka, sote huweka) ihamishie nyuma ya karatasi. Jicho la mgeni likishaiona haliendi tena kwenye Kiswahili.

mwalimu_wa_jioni:
Niko Nairobi. Nakubaliana na mwenzangu wa Unguja lakini msifukuze ngeli jameni, mtu asipoguswa na ngeli atasema "kitabu yangu" mpaka azeeke (sisi wenyewe hapa tunasema, lakini hiyo ni stori ingine). Isiingie kama jedwali, iingie ndani ya kazi. Hapo kwa nyanya tu una fungu hili mafungu haya, kitunguu hiki vitunguu hivi, nyanya hizi, hizo ni ngeli tatu na mwanafunzi hata hajui amefunzwa sarufi. Jedwali mpe wiki ya tatu likiwa na mapengo, ajaze na maneno ameshayazoea. Simba na kiboko walete baadaye, umweleze wanyama hufuata watu, "kiboko mkubwa", na siku hiyo usiguse "rafiki yangu" maana atakuuliza kwa nini si "wangu" na kipindi kitaishia hapo.

Halafu nashuku mazoezi yako yote ni ya kujaza nafasi. Tengeneza karatasi mbili, mmoja awe na bei za nyanya na ndizi, mwenzake za vitunguu na maparachichi, kuchungulia hakuna. Lazima waulizane, asipouliza kazi haiishi.

konda_mstaafu:
Saa usisahau. Mgeni wangu nilimwambia tukutane saa tatu, nikakaa stendi mpaka nikachoka, kaja saa tisa alasiri anacheka. Kuwaambia wajumlishe au watoe sita walikuwa wanakosea kila siku, sasa nachora saa ya ukutani nasema soma namba iliyo mkabala na mshale mfupi. Mshale uko kwenye 9, ng'ambo yake ni 3, basi saa tatu. Hawajakosea tena.

tichaMoshi:
Asanteni sana, jana usiku nimezichana zile 38, sasa ni karatasi moja kwa siku. Ya kwanza ina "naomba", "bei gani", "fungu" na "punguza kidogo" basi. Ila buku na jero niweke? Naogopa bosi ataniambia nafundisha lugha ya kijiweni.

mjaZnz:
Weka, ila kwa masikio sio kwa mdomo. Akisikia jero ajue ni mia tano, yeye mwenyewe akisema "mia tano" yatosha. Na neno ulilolitoa Jumatatu lirudi Jumanne, lirudi tena Ijumaa kwenye kazi nyengine kabisa, sio kwenye orodha ileile. Mjerumani Ebbinghaus aliandika habari za kusahau tokea 1885, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na sie bado twatoa neno mara moja kisha twashangaa limekwenda wapi.

tichaMoshi:
Nimekuelewa. Leo nimerudi Mbuyuni na simu, mama wa nyanya kakubali kurekodiwa ila kasema kwanza ninunue mafungu mawili.