Vipande vya barafu vinashikana kwenye friza na kuwa donge moja, nifanyeje?

Habari zenu wapendwa. Naomba msaada, jambo lenyewe ni dogo ila limenichosha. Mama yangu mdomo unamkauka sana usiku, na kinachomtuliza ni kumumunya kipande cha barafu. Kila jioni nagandisha trei mbili zenye vishimo 14 kila moja. Nikitoa barafu naipitisha trei chini ya bomba, maana bila hivyo haziachii, kisha namimina vyote kwenye mfuko wa plastiki narudisha friza. Saa nane usiku mama akiniita, nakuta donge moja zima kama tofali.

Juzi nilijaribu kukibandua kipande kwa ncha ya kisu, kikateleza kikanichana kiganja. Mchi unasaidia, lakini kishindo chake kinaamsha nyumba nzima, na mtoto akishaamka ndiyo mpaka asubuhi. Friza haina ubovu, nyama iliyomo ni ngumu kama jiwe. Nakosea wapi?

Jibu la kwanza

Pole sana dada, kwa kidonda na kwa uuguzi. Kisu kwenye barafu usikirudie tena, tafadhali. Nimeandaa vinywaji vya sherehe kwa miaka mingi na nimeona viganja vingi vikichanika hivyohivyo.

Kosa liko kwenye bomba. Yale maji yanakusaidia kutoa barafu, lakini kila kipande kinatoka kimelowa. Chukua kimoja ukiangalie kwenye mwanga: utaona kinang'aa, kina utando wa maji pande zote. Ukivirundika hivyo mfukoni, utando huo unaganda ukiwa katikati ya vipande viwili, na hapo umevipaka gundi kwa mkono wako mwenyewe. Tena barafu ina tabia hiyo hata usipoilowesha. Mwaka 1850 kule London, mwanasayansi Michael Faraday alieleza kwamba vipande viwili vya barafu inayoanza kuyeyuka vikigusanishwa huganda pamoja. Sasa wewe umeongeza na maji juu yake.

Fanya hivi. Toa trei, iache mezani dakika tatu hadi tano bila kuigusa. Kingo za barafu zikianza kuachana na plastiki, ikamate ncha zote mbili uisokote taratibu, utasikia inalia "ka, ka". Usimimine mfukoni. Tandika kitambaa safi kikavu kwenye sinia, vipange vipande bila kugusana, rudisha friza kwa dakika 45 hivi. Hatua hii ndiyo watu wanairuka, na ndiyo yenye kazi yote. Vikitoka vitakuwa vikavu, vimepauka, ukivitikisa vinagongana kama kokoto. Hapo ndipo vinaingia mfukoni. Kamua hewa, funga vizuri, maana barafu iliyo wazi inavuta harufu ya samaki na vitunguu, na mgonjwa ataisikia mdomoni kabla yako.

Na trei usiijaze mpaka juu. Maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9, yakifurika yanapita juu ya kuta za vishimo, na vipande vinatoka vimeunganika tangu mwanzo.

Jibu la pili

Nyunyizia chumvi kidogo mfukoni, havitashikana.

Jibu la kwanza

Hapana ndugu yangu, hiyo itamharibia. Chumvi inayeyusha barafu kwa juu, kwa hiyo vitalowa zaidi. Halafu huyu mama mdomo umekauka, tukimpa chumvi tunamwongezea kiu.

Jibu la tatu

Nakubaliana na hilo la kukausha kwenye sinia, lakini friza nayo iangaliwe. Ziko zinazojiyeyusha zenyewe: kila baada ya muda kikanza cha ndani kinawaka kuondoa ukungu wa barafu, joto linapanda kidogo, kisha baridi inarudi. Nyama haitaonyesha tofauti, ila barafu ngozi yake inalegea na kuganda upya, kila siku. Ndiyo maana hata iliyohifadhiwa vizuri ikikaa wiki kadhaa inashikana tena na vipande vinapungua ukubwa. Dawa yake ni kutotengeneza nyingi. Weka kipimajoto, kisome nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi, na mfuko ukae nyuma kabisa, mbali na mlango. Kila mlango ukifunguliwa hewa ya jikoni inaingia na unyevu wake, na unyevu huo unatua juu ya barafu.

Dada, wewe unahitaji vipande vichache tu usiku. Kwa nini ushuke jikoni saa nane? Chukua chupa ya chai yenye mdomo mpana, ipoze kwanza kwa maji baridi, mwaga maji, weka vipande sita au saba wakati wa kulala, iweke karibu na kitanda cha mama. Vitayeyuka kidogo, lakini humo hamna baridi ya kuvigandisha upya, kwa hiyo vitabaki vimeachana. Unachota kwa kijiko, hakuna taa wala kishindo.

Muuliza swali

Nimerudi, leo ni siku ya nne. Sinia limefanya kazi kweli. Siku ya kwanza vipande vitatu vya chini vilishikana, nikashangaa, kumbe nilivitia kwenye bakuli nililolitoa kabatini likiwa na joto la jikoni, vya chini vikayeyuka kidogo kabla ya kuganda tena. Sasa bakuli linaingia friza pamoja na sinia, na hakuna hata kimoja kinachoshikana. Nimepunguza pia, nagandisha trei moja badala ya mbili.

Chupa ya chai ndiyo imetuokoa. Jana niliweka vipande saba saa nne usiku, saa nane vilikuwepo vinne vizima, vinaelea kwenye maji kidogo. Mama amejichotea mwenyewe kwa kijiko, hata hakuniita. Nimejua asubuhi nilipokuta chupa imebaki maji matupu na kijiko kimelala kwenye kisosi. Kidonda kinafunga. Asanteni sana.

Jibu la tatu

Mpe mama pole zetu. Hayo maji yanayobaki kwenye chupa anaweza kuyanywa asubuhi, ni safi yale, ilimradi chupa unaiosha kila siku.