Oveni ya kupachika kabatini, Goma: waya wa ardhi tuupeleke wapi juu ya mawe ya lava?

Mama wa Himbi
Wapendwa, naomba ushauri wenu kabla sijamruhusu fundi aanze kazi. Nimenunua oveni ya umeme ya kupachika ndani ya kabati la jikoni, na kibati chake kinaonyesha wati 2800. Fundi anataka kuiunga kwenye priza inayolisha friji, na waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, anasema tuukunje tu, kwa kuwa nyumba imesimama juu ya lava na fimbo ya shaba ya kuuungia haiingii. Je, nimkubalie?

Fundi wa Katindo
Usimkubalie, Mama. Ukigawanya wati 2800 kwa volti 220 unapata karibu ampea 13, nazo oveni huzivuta muda mrefu, tofauti na friji. Ipewe njia yake yenyewe kutoka kwenye kisanduku cha umeme, kwa waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba na disjonkta (swichi inayojikata yenyewe mzigo ukizidi) ya ampea 16, au 20 ikiwa maelekezo ya kiwanda yanaruhusu. Ralonji, ule waya wa kurefushia umeme, usiitumie hata kwa majaribio.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye huo waya wa kukunjwa. Mwili wa oveni ni chuma, na koili ya joto ikipasuka, umeme unahamia kwenye chuma hicho na kumngoja mtu atakayefungua mlango kwa mikono yenye maji. Ni kweli kwamba lava haipitishi umeme vizuri, lakini dawa yake ni kuchimba mtaro upande wowote wa kiwanja wenye udongo, kulaza humo waya mtupu wa shaba wa milimita 25 za mraba, na kuufukia kwa udongo mweusi wa shamba badala ya changarawe ileile mliyoichimbua. Juu ya hayo wekeni disjonkta diferensieli ya miliampea 30, ambayo hukata inapohisi kwamba umeme uliotoka haukurudi wote. Volti 50, ambazo zikizidi kugusa chuma huwa hatari, zikigawanywa kwa ampea 0.03 zinatoa ukinzani wa ardhi wa zaidi ya omu 1,600, kwa hiyo hata ardhi yetu hii ngumu inaweza kukiamsha kifaa hicho, ingawa mimi sikabidhi kazi kabla kipimo cha ukinzani huo hakijashuka chini ya omu 100. Atakayekushauri kuunga waya wa ardhi na nyutro (waya unaorudisha umeme) ndani ya oveni, mwonyeshe mlango.

Papa Ndosho
Mama, jioni umeme ukishuka hadi volti 180, oveni itabaki na theluthi mbili tu ya nguvu yake, na mkate utachelewa. Usidhani imeharibika, wala usiipitishe kwenye kidhibiti volti cha friji, kwani hakiwezi kubeba mzigo huo.

Seremala wa Birere
Kwa upande wa kabati, oveni nyingi za sentimita 60 huingia kwenye nafasi yenye upana wa sentimita 56 kwa ndani, lakini pimeni kwa mchoro wa kiwanda kabla ya kukata ubao. Nyuma pabaki wazi ili joto lipande, na priza ikae kwenye kabati la jirani unapoweza kuifikia bila kuing'oa oveni. Skurubu za pembeni msiziache, maana mlango ukiwa wazi na sinia zito limevutwa nje, oveni isiyofungwa huinamia mbele.

Mama wa Himbi
Asanteni sana. Je, diferensieli ikikata siku ya kwanza kabisa, nirudishe oveni dukani?

Fundi wa Katindo
Si mara moja, Mama. Oveni iliyokaa ghalani huweza kunyonya unyevu ndani ya koili, na unyevu huo peke yake hukatisha umeme. Chomoa oveni, umwite fundi mwenye kipimo cha insulesheni, kinachoonyesha kama umeme unavuja, aikague, na kamwe asiiondoe diferensieli ili oveni iwake. Ikikauka na kupita kipimo, iwasheni tupu kwa muda, madirisha yakiwa wazi, ili mafuta ya kiwandani yaungue kabla hujaweka chakula.