Orodha ya watoto wa chakula cha bure imepanda, kaunti waja kukagua. Nishaurini

MamaWawili_Kisauni

Assalam alaikum, na hamjambo wote. Nina jambo linaninyima usingizi, nataka ushauri hasa wa mliowahi kukaa kwenye kamati za shule.

Mimi ni mweka hazina wa kamati ya wazazi, chekechea moja ya kaunti huku Kisauni, Mombasa. Siitaji kwa jina. Watoto ni 118. Mzazi hutoa shilingi 20 kwa siku, mtoto apate kikombe cha uji asubuhi na sahani ya chakula kabla ya kutoka: leo pure ya mahindi na maharagwe, kesho wali na maharagwe ya nazi, Ijumaa ndengu. Asiyejiweza, mtoto wake hula bure, na pengo twaliziba kwa sadaka za watu wa mtaani na kidogo kinachotoka upande wa elimu.

Januari wa bure walikuwa 31. Juzi nimehesabu, ni 58. Tumeletewa barua: Jumatano ijayo kuna maafisa wanakuja kuangalia kwa nini idadi imepanda, niwe na orodha ya majina ya wazazi, kazi zao, na sababu ya kila mmoja. Mwenyekiti wetu ashasema tuishushe hadi 40 kabla hawajafika, "tusije tukaonekana wezi", halafu kalamu akanipa mimi. Mimi ninayechota maji bomba moja na hawa watu!

Kuna na hili. Mwalimu ana daftari, aliyelipa huwekewa tiki ya buluu, wa bure nyekundu. Watoto wa miaka minne washazijua rangi. Wiki iliyopita nimemkuta msichana amekaa chini ya mwarobaini, kikombe mkononi, kitupu. Nikamuuliza, mbona huendi foleni? Akaniambia, "Nimeshiba chai." Mamake hayumo kwenye orodha, hajalipa tangu muhula huu uanze, na kuandikwa hataki. Na papo hapo kuna jirani yangu mwenye kibanda cha viazi karai, yeye yumo, na watu wanalalama.

Nikate? Nimkate nani? Na hao wageni niwaambie nini?

Kaka_Tudor

Anza na huyo wa viazi karai. Watu wamezoea vya bure. Mamangu alitusomesha watano kwa mahamri na mbaazi, hakupanga foleni ya mtu.

BintiMajengo

Kaka Tudor, wewe umewahi kuuza viazi? Mafuta, mkaa, gunia la viazi, na mvua ikipiga siku tatu mtaji wote mmeula nyumbani. Kibanda si mali. Dada, huyo jirani ana watu wangapi nyumbani? Mumewe afanya nini? Hilo ndilo swali.

MamaWawili_Kisauni

Ana watoto wanne na mama mkwe. Mumewe alikuwa kwenye yadi ya makontena Changamwe, ilipofungwa akabaki vibarua. Kibanda kilianza hapo.

Nahodha_Mtongwe

Dada, kabla hujashika hiyo kalamu, hebu nikuulize: orodha ya kwanza mliiandika mwezi gani?

Mimi ni mvuvi. Januari ukiniuliza najiweza, nitakwambia najiweza, na si uongo. Kaskazi inavuma, bahari imetulia, natoka na narudi na kitu. Ukiniuliza Juni, kusi imeshika, ngalawa iko juu ya mchanga siku nne kwa wiki, na ile siku ya tano nikitoka narudi na changu wawili wa mboga. Mtu ni yule yule. Mwanangu ni yule yule. Ukiniandika Januari mimi ni mlipaji, ukiniandika Juni ni wa bure, halafu aje mtu na karatasi aseme "mbona wameongezeka". Si wameongezeka, ni upepo umegeuka.

Na wa hoteli ni hivyo hivyo. Kisauni hapo nusu ya mtaa wafanya kazi Nyali, Bamburi, Shanzu. Krismasi wote wako kazini. Pasaka ikipita, masika yakaingia, wageni wakaondoka, mtu aambiwa akae nyumbani hadi ataitwa. Mshahara hakuna.

MamaWawili_Kisauni

Subhanallah. Tuliandika wiki ya pili ya Januari. Sikuwahi kuliwaza hili.

Mwalimu_Mstaafu

Mwanangu, mzee Nahodha amekupa kichwa cha habari, mimi nakupa mwili wake.

Nimefundisha miaka thelathini na moja, na nilianza kazi wakati wa maziwa ya Nyayo, yale aliyoanzisha Rais Moi 1979. Yalikuja kwa lori, pakiti za pembetatu, kila mtoto yake. Hakuna aliyeuliza baba yako nani. Mtoto wa karani na mtoto wa hamali walifyonza pamoja, na aliyekuwa mchokozi alimrushia mwenziwe pakiti tupu kichwani. Mradi ulikufa kwa mambo yake, siyasemi hapa, lakini lile daftari la tiki nyekundu halikuwapo.

Sasa tuje kwenye lako. Kwa Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, chekechea ni kazi ya kaunti, na shule ya msingi ni ya serikali kuu. Kwa hivyo wanaokuja si wageni kwako, ni wenye shule. Na huenda hawaji kukukamata. Kaunti hupanga fedha kwa mwaka unaoanza 1 Julai, na makadirio ya bajeti yanatakiwa yawe yamefika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Ya mwaka huu yashapita hapo. Lakini mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unatakiwa bungeni kufikia 1 Septemba, na hapo ndipo idadi yako inaweza kuingia. Mkiandika 40, mtapangiwa ya 40. Wale 18 watakula nini mwaka kesho, na nani atawaombea, ilhali nyinyi wenyewe mmeandika kwamba hawapo?

Mwenyekiti wako muulize hilo mbele ya kamati yote, si pembeni. Na baada ya hapo mwakilishi wadi wako aambiwe, kwa barua, nawe ubaki na nakala yenye muhuri.

Kaka_Tudor

Sawa mwalimu, lakini wezi wapo. Msijifanye hawapo.

Mwalimu_Mstaafu

Wapo. Kwa kikombe cha uji lakini, mwanangu, watakuwa wezi wa tabu kweli.

Mpwani_Leicester

Niko Uingereza mwaka wa tisa sasa, watoto wangu wawili wanasoma hapa, na nimecheka kidogo kwa uchungu maana mabaraza ya miji ya huku huuliza swali hilo hilo: kwa nini wanaostahili chakula cha bure wanaongezeka?

Jibu mojawapo ni umaskini, bei zimepanda, hilo liko wazi. La pili ni kanuni zenyewe. England waliweka mwaka 2018 kwamba familia inayopata ule msaada wa serikali unaoitwa Universal Credit, mtoto atakula bure iwapo mapato ya kazi hayazidi pauni 7,400 kwa mwaka baada ya kodi. Lakini pia wakasema aliyekwisha kuingia asitolewe kwa kipindi fulani hata mapato yakipanda. Basi kila mwaka wanaingia wapya na wa zamani hawatoki. Orodha itaacha kupanda vipi? Na 2025 serikali ikatangaza kwamba kuanzia Septemba 2026 kila familia iliyo kwenye msaada huo watoto wake wale bure, kile kiwango cha mapato kiondolewe. Idadi itapanda tena, na haitakuwa kwa sababu watu wamelala maskini ghafla.

Kwa hivyo dada angalia kwenu: tangu Januari kuna mliyemtoa hata mmoja?

La tatu, na hili ndilo la huyo mtoto wa chini ya mti. Huku kuna wazazi wengi hawajazi fomu kwa haya, au hawajui. Baadhi ya mabaraza yameamua kutosubiri fomu, yanaangalia kumbukumbu zao na kumwandikisha mtoto moja kwa moja, mzazi akikataa ndipo aseme. Na watoto wa madarasa matatu ya mwanzo England wote hula bure tangu Septemba 2014, hakuna kuulizana. Wakubwa, shule nyingi hulipia kwa kadi au alama ya kidole, na foleni haijui nani kalipiwa na nani.

MamaWawili_Kisauni

Hatujamtoa hata mmoja. Anayepata kazi hasemi, nasi hatuulizi.

Mtoto_wa_Mji_Nairobi

Huku Nairobi tangu 2023 kuna ule mpango wa Dishi na County. Mtoto hulipa shilingi 5 na ana bangili mkononi, anaigusisha kwenye kifaa anapewa sahani. Aliyelipiwa na jirani, na mama, na mjomba, bangili ni moja. Kwenu bangili si lazima, lakini hiyo kalamu nyekundu tupeni leo leo.

BintiMajengo

Kwanza nani huyo aliyewaza nyekundu.

Mwanasheria_Kibokoni

Mfupi tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakata taarifa za mtoto, na iwe kwa maslahi ya mtoto. Kamati isibandike majina ukutani, wala kuyatuma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi (najua mnafanya). Wakaguzi wakitaka idadi na sababu, wape kwa namba: mtoto wa 1, wa 2, wa 3. Wakisisitiza majina, waombe kwa maandishi, waeleze ya nini na yatahifadhiwa wapi. Sema kwa adabu tu, hakuna haja ya kupandisha sauti. Mwenye kuuliza vizuri atakuelewa.

Na Katiba, kifungu cha 53, kila mtoto ana haki ya lishe ya msingi. Hilo liweke mstari wa kwanza wa ripoti yako.

Nahodha_Mtongwe

Na mama wa yule msichana, usimwendee na daftari. Mwendee na ukili wa kusuka mkeka au bilauri ya kuazimia sukari, mkae, mazungumzo yatafika yenyewe.

MamaWawili_Kisauni

Nimerudi. Jana baada ya isha nimekaa na madaftari yote hadi umeme ukapotea, nikamalizia kwa tochi ya simu. Walioongezeka ni 27. Kati yao 14 wazazi wao ni wa hoteli, wameandikishwa wote baada ya Pasaka. Watano ni wa wavuvi. Watatu walikuwa shule za kulipia, wamehamia kwetu karo ilipowashinda. Watano waliobaki sina jibu, nitawaandika hivyo hivyo, sina jibu. Na kwenye wale 31 wa Januari nimeona wawili ambao baba zao sasa wana kazi. Nimezungumza nao, wote wawili wamekubali kulipa, mmoja akasema alikuwa akingoja aulizwe.

Mwenyekiti nimemjibu mbele ya kamati kwamba siandiki 40. Amenuna. Lakini katibu amekubali tuhesabu mara mbili kwa mwaka, Januari na Juni, tuweke na upepo kwenye safu yake, wamecheka lakini imeandikwa kwenye kumbukumbu.

Daftari jipya nimelinunua mwenyewe, tiki ni za penseli, zote. Kwa yule mama nilikwenda kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Bado hatujalifikia neno lenyewe, ila leo mtoto alikuwa foleni. Sijui nani kamlipia, na mwalimu nimemwambia asiniambie.

Kaka Tudor, yule wa viazi karai yumo na atabaki.

Barua inasema wataingia saa tatu. Uji wetu hutoka saa nne. Nimemwambia mpishi asiwahishe moto.