Ruzuku za serikali kwa vikundi vya taka na mazingira, zipo kweli? (Pwani, Kenya)

MamaPwani
Salaam wapendwa, nina swali na naomba anayejua kweli ndo anijibu. Sisi ni kikundi cha kina mama na vijana huku Kilifi, tunaokota plastiki ufuoni na mitaani, tunachambua, tunauza kwa kilo, na mabaki ya sokoni (maganda ya ndizi, mboga zilizooza, machicha ya nazi) tunafugia funza wa BSF (wale wa nzi weusi wanaokula mabaki) tunawauzia wafugaji wa kuku. Cheti cha kikundi tunacho na akaunti ya benki tunayo. Taabu yetu kubwa ni mahali, mzigo unalala nje, mvua ikinyesha chupa zinajaa matope na mnunuzi anatukata bei, halafu chupa zikiwa nzima nzima lori linabeba hewa, ukishalipa usafiri hakubaki kitu. Tunataka banda, mizani ya maana na mashine ya kusaga plastiki. Redioni kila siku twasikia kuna pesa za tabianchi, pesa za uchumi wa mzunguko, pesa za vijana, lakini ukiuliza kila mtu anakuelekeza kwa mwenzake. Sasa kuna jamaa katufuata, anasema atatuandikia proposali tumpe elfu kumi kwanza na asilimia kumi pesa zikitoka. Hizi ruzuku zipo, na kikundi kidogo kama chetu kinaweza kuzipata? Kina mama wamechoka na ahadi, nataka niwapelekee jibu la kueleweka.

BahariHaiozi
Dada huyo jamaa msimpe hata ndururu. Fomu za mifuko ya serikali ni bure, na anayedai asilimia kabla hujaomba hana nguvu yoyote ya kukupatia. Kaeni wenyewe muandike, kazi yenu mnaijua kuliko yeye.

KaraniWaWadi
Mamangu naomba nikujibu kwa urefu kidogo, mimi nipo kwenye kamati ya wadi kaunti nyingine na haya mambo nayaona yakipita mezani.

Pesa zipo ila haziko fungu moja, na vikundi vingi vinakwama kwa sababu vinaomba kitu sahihi mahali pasipo pake. Hizo mnazosikia za tabianchi kwa kiasi kikubwa ni mpango wa FLLoCA (Financing Locally-Led Climate Action), uko chini ya Hazina ya Taifa tangu 2021, wafadhili ni Benki ya Dunia pamoja na Ujerumani, Denmark na Sweden, na kaunti nayo inatia chake. Pesa hizi zinaenda kaunti, haziji kwenye akaunti ya kikundi. Kila wadi ina kamati ya mipango ya tabianchi, wananchi wanakaa wanataja nini kinawaumiza, mafuriko, ukame, maji ya chumvi visimani, kamati inapeleka miradi juu, ikipita kaunti inatangaza tenda na mkandarasi anajenga. Mfumo wenyewe si mgeni, Makueni walipitisha kanuni za mfuko wao wa tabianchi 2015, FLLoCA haijazaliwa. Kwa hivyo ukienda pale ukasema kikundi chetu kinataka mashine, watakwambia hiyo ni biashara yenu. Lakini ukisema mtaa wetu unafurika kwa sababu mitaro imezibwa na chupa na mifuko, tunataka kituo cha kuchambulia taka kitakachotumiwa na mtaa mzima na kikundi chetu kitakisimamia, hapo umezungumza lugha yao na hujadanganya, mvua za mwisho wa 2023 Pwani nzima iliona mitaro ilivyokuwa.

Na mna sheria mkononi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inazitaka kaunti ziwe na vituo vya kuchambua na kurejesha taka zinazofaa kutumika tena. Iandikeni kabisa kwenye barua, kwamba banda hili linaisaidia kaunti kutimiza wajibu wake. Afisa akiona hivyo anapata cha kushikia akienda kwa wakubwa wake.

Mizani na vifaa vingine peleka kwa NGAAF, ule mfuko wa serikali unaopitia ofisi ya mwakilishi wa wanawake wa kaunti, upo tangu 2015. Hao wanatoa ruzuku kwa vikundi vya kina mama, vijana na walemavu, hairudishwi. Mfuko wa Uwezo, mfuko wa vijana na mfuko wa wanawake wao ni mikopo hata kama riba ni nafuu au haipo, msije mkachanganya mkajikuta mnadaiwa. Barua ya NGAAF iambatane na nakala ya cheti (angalieni hakijapitwa na tarehe), mihutasari ya vikao, taarifa ya benki, orodha ya wanachama na sahihi zao.

Jambo la mwisho na kwangu ndo kubwa kuliko yote, daftari. Kila siku andikeni kilo za PET (plastiki ya chupa za maji na soda), kilo za mitungi, kilo za vifuniko, nani kanunua, kwa bei gani, na risiti muziweke. Vikundi vingi vinakuja na picha za watu wamevaa fulana wameshika magunia, tunashukuru, lakini kamati haiwezi kupitisha banda kwa picha. Kikundi kikileta daftari la miezi kadhaa kinatoka kwenye kundi la waombaji kinaingia kwenye kundi la watu wanaofanya kazi, na nimewaona wazee wa kamati wakibadilika sura wakifunua kurasa.

Mtanga_TZ
Mkuu hapo kwenye daftari umemaliza. Sisi huku Tanzania mambo ni tofauti kidogo, halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, ipo kisheria tangu 2018. Haina riba ila ni mkopo, unarudisha. Ilisimamishwa 2023 kwa sababu pesa nyingi zilikuwa hazirudi na vikundi hewa vilikuwa vimejaa, ikarudishwa 2024 na ukaguzi umekuwa mkali, afisa maendeleo ya jamii anakuja mpaka site kuangalia kama kweli mnafanya hiyo kazi. Vikundi vya taka vinapata, ila vile ambavyo vilishaanza na senti zao wenyewe. Dada nakushauri hata hiyo ruzuku ya bure iombe kama vile utairudisha, yaani onyesha hesabu, ikiingia hivi itazaa hivi.

FundiMarobota
Habari zenu, mimi nichangie upande wa mashine maana hapa ndo pesa za ruzuku zinapotelea. Mashine nyingi za kusaga zinataka umeme wa fezi tatu, na huko ufuoni mchanga unakula visu, mtakuwa mnanoa kila mara. Zaidi ya hapo mkishasaga mnunuzi haoni tena ndani kuna nini, kipande kidogo cha PVC (plastiki ya mabomba) kikiingia kwenye PET kinaharibu mzigo mzima kiwandani, kwa hivyo wengi wanawaogopa wasagaji wapya au wanawapa bei ya kutupa. Anzeni na mashine ya kugandamiza mfunge marobota. Zipo za kuendeshwa kwa mkono kwa jeki ya haidroliki, hazili umeme, na lile lori lililokuwa linabeba hewa litabeba mzigo. Robota mnunuzi analiona kwa macho, rangi moja, hakuna vifuniko, hakuna mchanga, anatoa bei nzuri.

Baadaye sana mkifika kusaga, ujanja wa kutenganisha ni maji tu, PET inazama, vipande vya vifuniko vinaelea, unavikusanya juu kwa chujio.

Na ndara za ufuoni msizitegemee kwenye hesabu, wanunuzi wa kilo ni wachache. Lamu waliziunda jahazi la Flipflopi 2018, plastiki tani 10 na ndara kama elfu 30, kazi nzuri mno na ya kujivunia, lakini kwa kikundi cha kuuza kilo ni mzigo unaokula nafasi ya banda.

MamaPwani
Jamani Mungu awabariki, nimenakili yote nitawasomea kikaoni. Hiyo ya robota sikuwahi kuisikia, sisi akili ilikuwa kwenye kusaga tu kwa sababu ndo wenzetu wanavyosema. Daftari tunalo ila tunaandika pesa tu, kilo kwa aina hatuandiki, tutaanza. Swali moja limebaki. Mahali tunapochambulia ni kiwanja cha mzee mmoja, ametuazima kwa mdomo tu, hana neno na anatupenda. Kaunti inaweza kutujengea hapo?

KaraniWaWadi
Hapo haitawezekana, na afadhali ujue mapema. Pesa za umma hazijengi kwenye ardhi ya mtu bila maandishi, na huku Pwani unajua mambo ya ardhi yalivyo, mzee akifariki kesho warithi wanakuja na wakili, banda linakuwa lao na nyie mnarudi ufuoni. Kuna njia 2. Ya kwanza, nendeni kwa msimamizi wa wadi muulize ardhi ya umma iliyo karibu, pembeni ya soko, karibu na zahanati, jaa la zamani, sehemu kama hizo, mkiomba kutumia mnaandikiwa. Ya pili, mzee akikubali, familia yote ikae, watoto wake wakubwa waweke sahihi, chifu awepo, muandike mkataba wa miaka inayojulikana na upelekwe kwa wakili. Kwa FLLoCA, njia ya kwanza ndo salama, kamati nyingi hata hazitaangalia ya pili. Mashine ya marobota na mizani haviulizi ardhi, hizo barua za NGAAF andikeni wiki hii msisubiri banda.

BahariHaiozi
Na mkutano wa kamati ya wadi ukiitishwa nendeni wengi, msimtume mwenyekiti peke yake. Miradi inatajwa pale pale kwa midomo ya waliohudhuria.