Uzi: Tuliolala Keystone kwenda kuona Mount Rushmore, tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Wengi wetu tulio Marekani tukifika South Dakota tunapiga picha ya zile nyuso nne za marais wa Marekani zilizochongwa mlimani, tunageuza gari. Mimi na mke wangu Septemba tulilala Keystone, mji mdogo wa bondeni ulioanzishwa na wachimba dhahabu, dakika chache tu kutoka mnarani. Nyuso zinatazama kusini mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi linazipiga moja kwa moja. Saa moja tulishafika, watu hatuzidi kumi. Nilipotazama kwa darubini nikaona kitu kilichonishika: ndani ya mboni za macho wameacha kipande cha jiwe kimechomoza. Hicho ndicho kinachonasa mwanga, jicho likaonekana hai. Kuingia ni bure, unalipia maegesho tu. Haya, leteni na yenu.

mchimbaji_mstaafu: Mkuu, umenigusa. Nimefanya kazi migodini Geita miaka tisa, kwa hiyo mimi nilikuwa naangalia mwamba. Kazi ilianza 1927 ikaisha 1941, vibarua karibu 400, sehemu kubwa ya jiwe ikiondolewa kwa baruti, na hakuna aliyekufa wakati wa kuchonga! Rais Jefferson walianza kumchonga upande wa pili wa Rais Washington. Jiwe likawa bovu, wakamlipua wakaanza upya. Aliyewahi kutega baruti anaelewa uchungu wa uamuzi ule.

mama_pacha: Sisi tulikwenda Januari, tukakuta karibu kila mgahawa umefungwa. Watoto walilala na biskuti, roho iliniuma sana. Tukarudi Julai, tukapanda treni ya mvuke kutoka Hill City hadi Keystone. Wanangu hadi leo wanaigiza honi yake.

shangazi_wa_denver: Nami niseme la wenyewe. Walakota, wenyeji wa asili wa eneo lile, waliuita mlima ule Mababu Sita kabla haujachongwa. Mkataba wao na serikali ya Marekani wa 1868 uliwapa Black Hills, yaani safu ya milima ile, kisha wakanyang'anywa. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ikaamua walipwe fidia. Fedha hawajazigusa, wanadai ardhi yao. Nilikuta mama mmoja Mlakota akiuza shanga pale mjini. Nikamwuliza, dada, huwa unapanda kuziona? Akatikisa kichwa, akanyoosha uzi, akaendelea kutunga. Nilinunua bangili, mnarani nikaenda jioni, sikupiga picha.