Mnaandika "moto sana" na faili hamjafungua, mimi nimechoka

Wakuu habari za saa hizi. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wangu wa mwanzo, nina sababu na mtaiona.

Mimi niko Kigoma, Mwanga huku, natunga muziki wa piano na elektroniki. Sio prodyuza wa kuuza biti, natunga vitu vyangu usiku nikitoka kazini, nina kibodi ya funguo 61 na laptopu ya mtumba basi. Wiki 3 zilizopita niliweka kipande cha dakika 4 na sekunde 10 nikaomba maoni, na nikaandika kabisa kwamba sitafuti sifa, niambieni wapi panachosha na wapi nimekosea. Yakaja majibu 47. Moto sana. Umetisha mkuu. Kaza mwanangu utafika mbali. Mmoja akaandika amesikiliza mara tatu mpaka machozi yamemtoka.

Sasa nawaambia. Kile kipande kuanzia dakika ya 2 na sekunde 31 mpaka mwisho HAKINA PIANO.

Wakati natoa faili kwenye programu nilikuwa nimezima traki ya piano ya sehemu ya pili ili nisikie besi peke yake, nikasahau kuiwasha, kosa ni langu na silikatai. Kilichobaki pale ni mngurumo wa chini sana, na spika ya simu sauti za chini hivyo haitoi kabisa, kwa hiyo aliyesikilizia simu, na wengi wenu humu mnatumia simu, alitakiwa akutane na kimya cha dakika nzima na sekunde 39. Watu 47! Hakuna hata mmoja aliyeuliza mkuu mbona imekata? Hata mmoja jamani. Na huyo wa machozi ndo kaniumiza kuliko wote maana maneno yake niliyasoma nikiwa kitandani nikafurahi mpaka usingizi ukapotea.

Mnajua kile kipande kinahusu nini? Niliandika pale juu lakini sidhani kama kuna aliyesoma. Ni Liemba. Wa huku mnaijua hadithi, meli imejengwa Papenburg Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande vipande ikaletwa kwenye makasha mpaka Dar, ikapanda treni, ikaja kuungwa hapahapa kwetu mwisho wa reli, 1915 ikaingia ziwani. 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha isije ikaangukia kwa adui, ila kabla ya hapo waliipaka mashine grisi zisile kutu. Waingereza wakaiibua 1924 na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Hiyo grisi ndo iliyonifanya nitunge, yaani unazamisha kitu chako kwa mkono wako mwenyewe huku moyoni unajua kuna siku kitatoka. Nilikaa na wazo hilo miezi.

Kwa hiyo mwanzo mkono wa kushoto unaenda kama treni, halafu noti zinashuka, zinashuka mpaka ufunguo wa mwisho kabisa wa piano ya funguo 88, ule wa kushoto pembeni, ambao kibodi yangu hata haina inabidi nibonyeze kitufe cha kuhamisha oktava. Pale chini ndo ule mngurumo unaingia, nao ni mashine za boti nilizozirekodi Kibirizi asubuhi wakati mitumbwi inarudi na dagaa, nikazipunguza spidi mpaka zikawa kama kitu kinapumua chini ya maji. Halafu piano inaanza kupanda taratibu, noti moja moja, ndo kuibuliwa kwenyewe. Hiyo ndo sehemu iliyokuwa imezimwa. Kwenye faili mlilolisifia meli ilizama ikabaki hukohuko chini.

Hasara sasa. Kuna jamaa anatengeneza video fupi ya ziwa alikuwa anatafuta muziki, tukaelewana laki na nusu, ni pesa kwangu. Kwa sababu ya yale majibu 47 sikurudia kusikiliza, nikamtumia faili lilelile. Akanipigia simu, kwa upole tu, ndugu yangu hii ngoma yako mbona katikati inaisha? Nilikosa cha kusema. Nikamtumia lililorekebishwa usiku uleule lakini alishachukua muziki kwa mtu mwingine.

Kuna atakayekuja kusema watu walikuwa wanakutia moyo. Moyo ninao. Ningekuwa sina nisingekuwa nakesha na kibodi mpaka saa nane usiku na saa kumi na mbili naingia kazini. Nilichokosa ni masikio ya mtu mwingine, maana ukisikiliza kitu chako mara mia unafika mahali husikii tena, unasikia kilichopo kichwani. Najua bando ni hela, lile faili lilikuwa MB 4, ambaye hana bando anyamaze tu sina kinyongo naye. Ila kusema umesikiliza na hujasikiliza huo ni uongo, tuuite hivyo.

Na nyie wa "weka vokali", "tafuta msanii aimbe, bila maneno sio muziki wetu". Taarab ya Unguja inafunguliwa na bashraf, ala tupu hakuna anayeimba, na watu wanakaa wanasikiliza, tangu enzi za mababu. Sasa nani kakwambia Mswahili hawezi kusikiliza ala?

Aliyenisaidia ni mwalimu mmoja wa kwaya Gungu, mzee wa watu hata hiyo laptopu haijui. Shikamoo mwalimu, naomba unisikilizie, akavaa hedifoni akafumba macho mpaka mwisho, kisha akaomba karatasi akaandika kwa do re mi. Mwanangu, hapa fa inataka kushuka iende mi, wewe umeipandisha ndo maana panauma. Na hapa sauti ya besi na ile ya tenor (ya kiume ya juu) zinatembea tano sambamba, yaani zinapanda na kushuka pamoja zikiachana noti tano, unazisikia zilivyo tupu? Tena sehemu ya treni ni ndefu, nimeshafika Tabora wewe bado unaendesha. Iliniuma, sitaki kudanganya, siku mbili sikugusa kibodi. Siku ya tatu nikakata nusu dakika ya treni na mzee alikuwa sahihi kila mahali. Mtu mmoja, karatasi moja, nimepata kuliko majibu yenu yote yale.

Faili jipya nimeliweka, piano ipo yote, ni dakika 3 na sekunde 40. Sikilizeni kwa hedifoni mkiweza. Kwenye dakika ya 2 na sekunde 50 kuna kordi moja nimeibadilisha mara sita na bado roho haijatulia, sijui ni noti ya juu au ni besi. Anayesikia tatizo aniambie ni lipi.