Tupeane uzoefu: ulikosea wapi ulipopanga safari ya jangwani?

#1
Wakuu, heshima kwenu. Tuko wanne, magari mawili ya kuvuta magurudumu yote, tunataka kukata njia ya jangwani ya kilomita 600 isiyo na kituo cha mafuta katikati. Orodha za vitu vya kubeba ninazo mpaka zimenichosha. Nawauliza waliokwisha pita: hesabu gani ilikugomea?

#2
Mafuta, ndugu yangu. Gari langu kwenye lami linakula lita 12 kwa kilomita 100. Nikapiga hesabu kwa hiyo 12, nikaongeza dumu moja la lita 20, nikajiona mjanja. Kufika kwenye mchanga laini, gia nzito, mzigo hadi darini, likala lita 20. Siku ya tatu mshale umelala kabisa, tukafyonza dizeli ya mwenzetu kwa mpira, nami nikameza funda zima. Ladha yake ninayo hadi leo. Siku hizi nahesabu ulaji wa mchangani, halafu naongeza robo. Na madumu usiyarundike juu ya kerea. Nilifanya hivyo pia, gari likawa linayumba kama mlevi kila tukishuka tuta.

#3
Mimi ni upepo wa matairi. Tulinasa saa saba mchana. Kila nikikanyaga mafuta, magurudumu yanajichimbia, mpaka gari likakalia tumbo. Akatokea mzee mmoja na gari bovu kuliko letu. Akatuangalia tunavyohangaika na mabeleshi, akachuchumaa, akabonyeza vali kwa ncha ya kijiti, pssss, tairi moja baada ya jingine, toka psi 35 hadi 16 hivi. Akatuambia tufukue mchanga chini ya tumbo tu, kisha, "Rudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe, taratibu." Likatoka! Tairi likilegea linalala, linakanyaga eneo refu, halikati mchanga.

Ila sikukomea hapo. Tulipopata njia ngumu nikaona uvivu kujaza, nikakimbia 80. Tairi likachemka, likapasuka ubavuni. Pampu na kipimo cha upepo beba, usiazime.

#4
Maji. Tuliweka yote kwenye tangi moja, likasuguana na boksi la spana siku nzima. Jioni godoro limelowa, tangi tupu. Sasa nagawa kwenye madumu madogo, lita 6 za kunywa kwa mtu kwa siku, na siku mbili za ziada.

#5
#3, saa saba mchana mlikuwa mnatafuta nini mchangani? Alfajiri mchanga bado umepoa, umeshikana.

Langu ni kamba ya kuvutia gari lililonasa. Jamaa aliifunga kwenye kile kichwa cha chuma cha mviringo cha kuvutia tela. Kikakatika, kikaruka, kikapita kioo cha nyuma na kutokea cha mbele. Bahati dereva alikuwa ameinama. Funga kwenye ndoano iliyoshikana na chasisi, na watu wote wakae mbali.

#6
Mimi nilimwachia dada yangu ratiba nzima, siku kwa siku. Sikumwambia aanze kuhangaika lini. Shokapu zikafa kwenye ile njia yenye vijituta kama bati, tukakaa na gari siku mbili, na yeye nyumbani anasema, "Watakuwa wanafurahia tu." Andika siku na saa: nisipopiga simu, toa taarifa. Na ukikwama usiliache gari ukatembea. Gari huonekana kwa mbali kuliko mtu.

#1
Asanteni, mmenivurugia karatasi yote. Kwa ulaji wa #2, kila gari linahitaji lita 150, na tenki letu ni 80. Nilikuwa nimepanga madumu mawili, kumbe ni manne. Viti vya kukunja vinabaki nyumbani. #4, hayo madumu ya maji mliyafunga wapi yasisuguane tena?